Sura ya Sita: Mbona Maumivu Yanarudi Dawa Ikiisha?

"Magoti yaliniuma, nikanunua vidonge vya siku tano, yakapoa, nikaingia shambani. Vidonge vilipoisha, maumivu yakarudi yale yale. Dawa ilikuwa feki, au mwili umeshaizoea?" Swali hili huulizwa sana kwenye maduka ya dawa, na mahali kama Mwankoko, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, lina uzito wake. Singida ina msimu mmoja wa mvua. Kulima, kupanda, kupalilia na kuvuna mtama, uwele na alizeti hurundikana katika miezi michache, na karibu kila kazi humtaka mtu ainame, achuchumae au abebe mzigo. Goti likigoma mwezi wa Januari, palizi haingoji. Ndiyo maana kidonge cha maumivu kimekuwa kifaa cha kilimo, kikikaa karibu na jembe.

Jibu langu ni kwamba, mara nyingi, dawa haikuwa feki wala mwili haukuizoea. Ilifanya kazi yake yote hadi kidonge cha mwisho. Tatizo liko kwenye kazi tuliyoitarajia. Tuliinunua ituondolee ugonjwa, nayo imeundwa kupunguza uvimbe na maumivu ambayo ugonjwa unayazalisha, kwa saa kadhaa tu kila inapomezwa. Mtu akiielewa tofauti hiyo atafaidika sana na dawa hizi. Asipoielewa, ataendelea kuongeza dozi akifuata nafuu isiyodumu, na tumbo, figo na moyo ndivyo vitakavyolipa.

Mashine ya kukamua iliyozibwa mdomo

Tuanze na jembe linapogonga kidole cha mguu. Baada ya muda mfupi kidole huwa chekundu, cha moto, kimevimba na kinauma hata kikiguswa na kanga. Hayo manne ni kazi ya mwili wenyewe. Mishipa ya damu hupanuka, maji ya damu huvuja kuelekea palipoumia, na chembe za kinga hufika kusafisha na kuanza ukarabati. Katika sura hii neno uvimbe litakuwa na maana hiyo tu: mwitikio wa mwili wenye joto na maumivu, na wala si uvimbe wa saratani. Uvimbe wa kidole kilichogongwa una faida, kwa kuwa hukulazimisha ukipumzishe kidole mpaka kipone. Shida ya magonjwa ya viungo ni kwamba mwitikio huohuo huwaka ndani ya goti, nyonga au vidole kwa miezi na miaka, bila jembe lolote kugonga.

Kinachouchochea uvimbe huo ni kundi la kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwili huzitengeneza kutoka kwenye mafuta yaliyo katika kuta za chembe zake, kwa kutumia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kemikali, ambacho hapa tutakiita koksi. Kwa msomaji wa Singida mfano uko jirani. Chukua mafuta ya kuta za chembe kuwa mbegu za alizeti, koksi kuwa mashine ya kukamua, na prostaglandini kuwa mafuta yanayotoka upande wa pili. Mafuta hayo yakimwagika kwenye kiungo, hupanua mishipa ya damu na kuinoa mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo, hata mguso mwepesi ukasikika kama pigo. Ndiyo sababu mtu mwenye goti lililovimba huumia kwa kupanda ngazi tu, kazi ambayo goti zima haliioni.

Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, meloksikamu na ndugu zao zote hufanya jambo moja: hukwama kwenye mdomo wa mashine. Mbegu zinaendelea kuletwa lakini mafuta hayatoki. Uvimbe hupungua, mishipa ya fahamu hurudi kwenye usikivu wake wa kawaida, na mtu hunyanyuka. Dawa nyingi kati ya hizi hung'oka zenyewe baada ya saa kadhaa. Zikishang'oka, mashine huanza tena, kwa sababu hakuna aliyezuia mbegu zisiletwe. Hapo ndipo maumivu yanaporudi, na swali letu la mwanzo limejibiwa. Aspirini peke yake huivunja mashine kabisa, hivyo mwili hulazimika kuunda nyingine.

Maelezo haya ni mapya kuliko dawa zenyewe. Gome la mti uitwao wilo lilitumika kwa homa na maumivu tangu zamani za kale. Mwaka 1897 mkemia Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, alitengeneza aspirini safi, ikaingia sokoni mwaka 1899. Ibuprofeni, kazi ya Stewart Adams na wenzake mjini Nottingham, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969. Watu walikuwa wameimeza aspirini kwa zaidi ya miaka 70 kabla John Vane hajaonyesha, mwaka 1971, kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Paracetamol, ambayo wengi huiita Panadol hata ikiwa ya kampuni nyingine, haimo katika ukoo huu. Hushusha homa na kupunguza maumivu ya wastani, lakini uvimbe wa kiungo haiugusi sana.

Jina moja, magonjwa manne

Kiswahili kina jina la maumivu ya viungo: baridi yabisi. Yabisi ni kitu kikavu, kigumu, na jina limebeba maelezo ndani yake, kwamba ubaridi umeingia kwenye maungo ukayakausha. Watafiti wa Moshi walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow kuchunguza magonjwa ya viungo katika Wilaya ya Hai walikuta maelezo hayo yakiishi miongoni mwa watu: maumivu ya viungo huitwa ugonjwa wa baridi, na lawama huangukia maji ya baridi, upepo na kazi za asubuhi. Silidharau jina hili. Linaeleza vizuri anachohisi mgonjwa, maana viungo vingi hukakamaa kweli asubuhi na wakati wa baridi. Lakini linakusanya magonjwa tofauti chini ya paa moja, na dawa inayonunuliwa kwa jina hilo haiwezi kujua iko kwenye ugonjwa upi.

Wa kwanza, na ulioenea zaidi, ni kulika kwa gegedu. Gegedu ni ule mfupa laini, mweupe na unaoteleza kama tunaouona kwenye kiungo cha kuku, unaofunika ncha za mifupa. Umri, uzito, jeraha la zamani na miaka mingi ya kuchuchumaa huulainisha na kuumega. Uvimbe hapa ni mdogo, na maumivu huzidi kwa kazi na kupungua kwa mapumziko. Dawa za kupunguza uvimbe husaidia kiasi, lakini gegedu hazilirudishi.

Wa pili ni jongo, ambalo huja kwa ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Asidi iitwayo yuriki ikizidi katika damu hugeuka fuwele kama chembe za chumvi zenye ncha, zikatua ndani ya kiungo. Hapa ibuprofeni au diklofenaki ya siku chache hufanya kazi vizuri ajabu, kiasi kwamba mgonjwa hudhani amepona. Yuriki ingali juu, na jongo litarudi mpaka litafutiwe dawa ya kuishusha, kama alopurinoli.

Wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa viungo. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukaza kwa saa nzima au zaidi kabla ya kulegea. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume. Ugonjwa huu hula mfupa, na dawa za maumivu haziuzuii hata kidogo. Unazuiwa na dawa nyingine, methotreksati ikiwa ya kwanza, ambayo hutolewa na kufuatiliwa na daktari. Mwanamke anayemeza diklofenaki miaka mitatu kwa ugonjwa huu atakuwa amepunguza maumivu huku vidole vikipinda mbele ya macho yake. Kidonge kimefanya kazi yake, na kwa kufanya hivyo kimemcheleweshea safari ya hospitali.

Wa nne ni wa maji, nao unahitaji nafasi yake.

Maji ya kisima na mifupa

Mkoa wa Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo maji yake ya ardhini yana madini ya floraidi kwa wingi, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga na mingineyo. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, watoto huota meno yenye mabaka ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa na kukaa. Mifupa huwa minene lakini dhaifu, kano zinazoshika viungo huanza kugeuka ngumu, mgongo na magoti hukakamaa na kuuma. Mtu wa hali hii akielezea anavyojisikia, maneno yake hayatofautiani na ya mwenye baridi yabisi. Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi Tanzania, kwa uhaba wa maji, iliruhusu mpaka miligramu 4.

Kila kisima kina kipimo chake. Viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana, kwa hiyo hakuna anayeweza kuangalia ramani akasema maji ya kaya fulani yana floraidi au hayana. Inabidi yapimwe. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi inabaki, na yaliyobaki sufuriani huwa makali zaidi. Magadi ya kulainishia maharage na mlenda nayo yanaweza kuongeza, kwa kuwa magadi yatokayo kwenye maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi nyingi. Zipo njia za kuipunguza, kama kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa kazi na kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, na kukinga maji ya mvua.

Sasa unganisha habari hizi mbili, maana ndipo hoja ya sura hii inapofika. Mwili huitoa floraidi kwa njia ya mkojo, kupitia figo. Figo zikichoka, floraidi nyingi zaidi hubaki na kuhamia mifupani. Na dawa za kupunguza uvimbe, zikitumiwa ovyo kwa muda mrefu, ni mojawapo ya vitu vinavyochosha figo. Mtu ambaye viungo vyake vinauma kwa sababu ya maji, akitibu maumivu hayo kwa diklofenaki ya kila siku, anaweza kuwa anaidhoofisha njia kuu ambayo mwili wake unaitumia kujiondolea chanzo cha maumivu. Hali ya namna hii haitatuliwi kwa kidonge chenye nguvu zaidi.

Mashine nyingine, tunayoihitaji

Kwa nini figo? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kwamba mashine za kukamua ni mbili. Koksi ya pili huwashwa hasa pakitokea jeraha. Koksi ya kwanza hufanya kazi usiku na mchana kwa mtu mzima wa afya, na prostaglandini zake hulinda utando wa tumbo usiliwe na asidi, na husaidia chembe za damu kugandisha jeraha. Katika figo, prostaglandini huiweka wazi mishipa inayoleta damu, hasa mwili unapopungukiwa maji. Dawa nyingi za zamani huziba mashine zote mbili bila kuchagua. Tumbo hupoteza ulinzi, na kidonda kinaweza kuvuja damu kimyakimya. Figo za mtu aliyetoka jasho tangu alfajiri kwenye jua la Singida, akiwa amekunywa maji kidogo, hunyimwa damu wakati zinapoihitaji zaidi.

Mfano mkali wa nguvu ya dawa hii juu ya figo ulitoka India. Tumbusi, ndege wala mizoga, walikufa kwa mamilioni tangu miaka ya 1990. Mwaka 2004 ilithibitika, kwa uchunguzi ulioanzia Pakistani, kwamba walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki na figo zao zikafa. Serikali ya India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Figo za binadamu ni imara kuliko za tumbusi, lakini kiungo kinachoshambuliwa ni kilekile.

Wazo la kuziba koksi ya pili pekee lilionekana kuwa suluhisho. Kampuni ya Merck ilileta rofekoksibu, iliyouzwa kama Vioxx, mwaka 1999, na mamilioni ya watu wakaimeza. Septemba 2004 iliondolewa sokoni baada ya utafiti kuonyesha kwamba walioitumia zaidi ya miezi 18 walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi. Diklofenaki nayo, ingawa ni ya zamani, inaelemea upande huohuo: mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitangaza kwamba hatari yake kwa moyo inafanana na ya dawa za kundi la Vioxx. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina ibuprofeni na haina diklofenaki, na bado diklofenaki ndiyo inayotajwa kwanza kwenye kaunta zetu nyingi. Hili naliona ni kosa linalopaswa kurekebishwa.

Kwa ufupi, mpaka hapa: dawa huzuia kemikali ya uvimbe kwa saa kadhaa, haigusi chanzo, kemikali hiyohiyo inalinda tumbo na figo, na chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya vinne au zaidi.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza ni la mkulima, nalo ni zito. Usipopalilia huvuni, usipovuna huli. Kumwambia mtu avumilie maumivu ili alinde figo ni kumpa ushauri wa mtu mwenye mshahara. Nakubali. Ndiyo sababu sisemi dawa ziachwe. Nasema zitumiwe kama akiba ya siku za kazi ngumu, kwa kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache. Penye jeli ya kupaka ya diklofenaki, goti na vidole vinaweza kutibiwa kwayo: ushahidi unaonyesha husaidia, na sehemu ndogo tu huingia kwenye damu. Kuna pia tiba ambayo haiuzwi. Misuli ya paja ikiwa na nguvu hubeba uzito ambao goti lingeubeba, na mazoezi ya kuikaza, kama kukaa kitini na kunyoosha mguu polepole mara kadhaa kila siku, yamethibitika kupunguza maumivu ya gegedu lililolika. Mkulima atasema kazi yake ni mazoezi tosha. Kulima kunachosha goti likiwa limekunjwa. Zoezi hili huimarisha msuli bila kulikandamiza.

Wengine husema sindano inaingia haraka, kwa hiyo inatibu zaidi. Inaingia haraka kweli. Ikishaingia, inaziba mashine ileile, kwa muda uleule wa saa kadhaa, na tumbo haliepuki kwa sababu dawa hulifikia kupitia damu. Juu ya hapo, sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kusababisha jipu au kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu na kuacha mguu ukiburuta. Kwa maumivu ya viungo ya muda mrefu, mgonjwa anayeweza kumeza hapati faida ya kuifidia hatari hiyo.

Na mitishamba? Aliyejua habari ya gome la wilo hawezi kusema mimea haina dawa. Kwa sababu hiyohiyo hawezi kusema haina madhara, kwani kinachotuliza maumivu kina njia ya kupitia mwilini, na njia hiyo ina gharama. Hatari kubwa zaidi ni unga au maji ya chupa yasiyo na maelezo yanayoondoa maumivu kwa usiku mmoja. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamekuta bidhaa za namna hiyo zimechanganywa kwa siri na diklofenaki au steroidi, dawa kali za uvimbe kama predinisoloni na deksamethasoni. Uso ukianza kuwa wa duara, sukari ikapanda na ngozi ikawa nyembamba, ni busara kuishuku chupa.

Kabla ya kununua

Ibuprofeni ya kununua bila cheti isizidi miligramu 1,200 kwa siku, yaani vidonge vitatu vya miligramu 400, vikimezwa baada ya chakula pamoja na maji ya kutosha. Usichanganye dawa mbili za ukoo huu. Diklofenaki juu ya ibuprofeni haiongezi nafuu, inaongeza vidonda. Siku tano zikipita bila nafuu, tafuta uchunguzi. Wafuatao wasijinunulie kabisa:

- mwenye vidonda vya tumbo, au aliyewahi kutapika damu;
- mwenye ugonjwa wa figo, moyo au shinikizo la damu, hasa anayemeza enalaprili, kaptoprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoza;
- mjamzito, hasa kuanzia mwezi wa tano;
- mwenye homa inayoweza kuwa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kwa kuwa dawa hizi huzidisha kuvuja damu.

Choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Kiungo kimoja kikivimba ghafla pamoja na homa, usikipoze kwa vidonge: huenda kina usaha, na kiungo chenye usaha huharibika ndani ya siku chache.

Vidole vya mikono yote miwili vikikakamaa kila asubuhi kwa wiki sita, omba rufaa mpaka uipate, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida au Benjamin Mkapa, Dodoma. Na kama watoto wa nyumba yako wana meno ya kahawia huku wazee wakilalamika mgongo na magoti, peleka ombi kwa mamlaka ya maji ya mjini, SUWASA, au kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, kwa walio vijijini, kisima chenu kipimwe floraidi. Ukifika mbele ya tabibu, usimtajie maumivu peke yake. Mtajie kila kidonge unachomeza, na umwambie maji ya nyumbani kwako yanachotwa kisima gani.